Mgeni wa Kariakoo ni wa Ofisi Gani?

Januari 2011, Lazaro Nyalandu, aliyekuwa Naibu Waziri wa Viwanda na Biashara, aliwapa wafanyabiashara wa Kichina wa Kariakoo, soko kuu la Dar es Salaam, siku 30 wawe wameondoka sokoni. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi iliwakaribisha kama wawekezaji, si kama wachuuzi. Siku 30 zikapita. Februari 2025, Waziri wa wizara hiyohiyo, Selemani Jafo, akaunda kamati ya watu 15 chini ya Profesa Edda Lwoga wa Chuo cha Elimu ya Biashara, ichunguze wageni wanaofanya biashara Kariakoo. Kamati nayo ikapewa siku 30.

Miaka 14 iliyokuwa katikati ya matukio hayo mawili haikukosa sheria. Mwaka 2015 Bunge lilitunga Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, na mwaka huohuo Sheria ya Uhamiaji ya 1995 ikafanyiwa marekebisho. Wafanyabiashara nao walifunga maduka Mei 2023, wakafunga tena Juni 2024. Kisa kikubwa kilikuwa kodi, lakini suala la wageni kuuza rejareja halikuwa mbali na midomo ya watu. Ukizungumza na wenye fremu za Mtaa wa Kongo au Aggrey, ni nadra kumsikia mtu akiomba sheria mpya. Utasikia swali moja, tena kwa hasira: kwani Serikali haioni?

Inaona. Ila yule ambaye kwa mwenye duka la jirani ni mtu mmoja, mgeni aliyekaa nyuma ya kaunta na kikokotoo mkononi, kwa Serikali ni mafaili sita katika ofisi sita, na hakuna ofisi hata moja ambayo kazi yake ni kuyasoma yote kwa pamoja.

Uhamiaji, walio chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, wana faili la namna alivyoingia na kibali chake cha ukaazi. Kamishna wa Kazi, aliye chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ana faili la kibali cha kazi. Watu wengi huvichanganya vibali hivi viwili, na si ajabu, maana kabla ya 2015 hata wenye kuvitoa walikuwa wakigongana. Sheria ya 2015 ilinyoosha jambo hilo: anayeruhusu kazi ni Kamishna wa Kazi, anayeruhusu kuishi ni Uhamiaji, na cha kwanza hutangulia cha pili. Kampuni yake, kama anayo, imesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Leseni ya duka imetoka halmashauri, ambayo kwa Kariakoo ni Jiji la Dar es Salaam, yaani iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi 2021. TIN, yaani namba ya mlipakodi, na mashine ya risiti ni mambo ya TRA, mamlaka ya mapato. Na kama alijiandikisha kama mwekezaji, cheti chake kilitoka Kituo cha Uwekezaji, ambacho tangu Julai 2025 kimeunganishwa na mamlaka ya maeneo ya mauzo ya nje kikawa TISEZA, mamlaka ya uwekezaji na maeneo maalumu ya kiuchumi.

Sasa chukua mtu aliyeingia kwa viza ya biashara. Inalipiwa dola 250, tofauti na ile ya kawaida ya matembezi ya dola 50, na inampa siku 90 za kufanya shughuli mahususi ya muda mfupi: kikao, kukagua mzigo, kufunga mtambo. Haimpi ruhusa ya kufungua duka. Akikutwa dukani anasema amekuja kuangalia bidhaa alizomuuzia rafiki yake. Kwenye faili la Uhamiaji hana kosa, viza iko hai. Kwenye faili la jiji hana kosa, kwa sababu leseni ukutani ina jina la Mtanzania. TRA wanaona risiti zinatoka. Kamishna wa Kazi hamjui kabisa, kwa kuwa hajawahi kuomba kibali. Kila faili liko sawa, na duka limekosewa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ya tatu alikuwa ameshalipia fremu.

Makundi matatu tunayoyachanganya

Malalamiko mengi yanapotea njia kwa sababu neno "mgeni asiyefuata sheria" limebeba watu wa aina tatu, na kila aina ina dawa yake.

Wa kwanza ni asiye na karatasi kabisa, au ambaye zake zimekwisha muda. Kisheria huyu ndiye rahisi, na ndiyo maana nguvu nyingi humwelekea yeye. Lakini mtazame ni nani. Mara nyingi ni kijana wa Ethiopia anayepitishwa Tanzania kuelekea Afrika Kusini, aliyejazwa kwenye lori na wenzake, ambaye hana habari na biashara ya Kariakoo. Januari 2021 Rais Magufuli aliwasamehe Waethiopia 1,789 waliokuwa magerezani kwa makosa ya kuingia nchini kinyume cha sheria, wakati Rais wao Sahle-Work Zewde alipotembelea Tanzania. Idadi hiyo ingejaza magereza kadhaa. Mtu akikamatwa anakula, analindwa, na siku ya kurudishwa kwao kuna nauli ya kulipwa. Tunaposema "kamata wote" huwa tunasahau kuulizia bajeti.

Mwaka 2013 tuliona upande mwingine wa kundi hili. Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa waliokuwa nchini bila vibali, na ikawakumba watu walioishi hapa miongo mingi, waliooana na Watanzania, wenye mashamba na watoto wa hapa. Wengine walijiona Watanzania na hawakuwa na cha kuonyesha. Mkazi wa Buhigwe, Kigoma, anayezungumza Kiha anaweza kuulizwa uraia wake mara nyingi kuliko mtu aliyefungua stoo Kariakoo kwa viza ya matembezi. Hilo nalo ni udhaifu wa usimamizi, ingawa huonekana kama ukali.

Wa pili ni mwenye karatasi halali anayefanya jambo lisiloandikwa ndani yake. Hapa ndipo penye kiini cha hasira ya Kariakoo. Kibali cha ukaazi Daraja B kinamhusu mwajiriwa, na kinamfunga kwa mwajiri wake na kazi aliyoiombea. Sheria ya 2015 inamtaka hata mwajiri aandae mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi hiyo. Sasa fundi mitambo wa kiwanda kilichoko Mkuranga akikutwa anauza mabegi kwa dazeni karibu na Msimbazi, kibali anacho, kosa analo, na kosa lenyewe haliko kwenye pasipoti yake. Liko kwenye tofauti kati ya kilichoandikwa na kinachotendeka. Ili ulione, lazima mtu aliyesoma kibali aende dukani, au aliyeliona duka akasome kibali.

Hata akienda, kuna kazi ya kuthibitisha. Kuketi dukani si kosa. Wala kumwambia binti wa mauzo "punguza elfu mbili" peke yake hakumfikishi mtu mahakamani. Kila anayenunua Kariakoo anajua mwenye duka ni nani, kwa sababu ukiomba bei ya jumla unaambiwa, "Subiri kidogo kaka, nimuulize bosi," na bosi anajibu kwa vidole. Ila hakimu hahukumu kwa vidole. Anataka mkataba, miamala ya benki, shahidi. Na pale ofisa mmoja anapolazimika kuamua papo hapo kama mtu "anafanya kazi" au "amekaa tu", uamuzi huo unakuwa bidhaa. Sina haja ya kueleza inavyouzwa.

Wa tatu ndiye tusiyependa kumsikia: mgeni mwenye karatasi zote, anayefanya kile hasa zilichomruhusu. Kibali cha Daraja A hakikuwekwa kwa ajili ya viwanda vikubwa peke yake. Ni cha mtu anayejishughulisha kwa mtaji wake, na biashara imo. Wengi huamini kwamba mgeni hawezi kufanya biashara Tanzania bila mtaji wa dola 500,000. Kiwango hicho kipo, lakini ni cha anayetaka cheti cha uwekezaji na nafuu zinazoambatana nacho. Asiyetaka nafuu hizo angeweza kusajili kampuni BRELA, kuomba vibali, kuchukua leseni na kufungua duka. Kwa hiyo mwaka mzima wa 2024 ungeweza kumleta ofisa mwadilifu kuliko wote, akaingia maduka kumi ya wageni, akatoka kwenye baadhi yake bila kumkuta mtu na kosa. Jirani angesema amehongwa. Kumbe sheria yenyewe ndiyo iliyomfunga mikono.

Amri ya Julai

Tarehe 28 Julai 2025 lilitoka Tangazo la Serikali Na. 487A chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, likiwazuia wasio raia kufanya aina 15 za shughuli. Ya kwanza ni biashara ya jumla na rejareja, ukiondoa supamaketi na maduka ya jumla ya wazalishaji wa ndani. Zimo pia uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na vifaa vya umeme, saluni isipokuwa za hotelini au za kitalii, usafi wa majumbani na maofisini, uchimbaji mdogo, kuongoza watalii, udalali wa biashara na nyumba, uwakala wa forodha, kununua mazao shambani, hadi mashine za kamari nje ya kasino. Mgeni anayekaidi anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Mtanzania anayemsaidia: faini ya milioni 5 au miezi 3. Wenye leseni hai waliachwa wazimalize.

Shangwe zilikuwa kubwa, na hazikukosa sababu. Mtanzania anayekwenda Guangzhou, China, kwa mkopo wa benki, akanunua kwa dalali, akalipia kontena na ushuru, akifika Kariakoo anakuta mzigo uleule unauzwa rejareja na mtu ambaye shemeji yake ndiye mwenye kiwanda na aliyepewa bidhaa kwa mali kauli. Kushindana naye kwa bei ni ndoto. Kumwita mfanyabiashara huyo mbaguzi ni kutomtendea haki.

Ila angalia amri imefanya nini. Imelifunga kundi la tatu. Waliokuwa wakiuza rejareja kihalali sasa hawana uhalali huo leseni zikiisha. Kundi la pili haikulihitaji: fundi mitambo wa Mkuranga alikuwa mkosaji tangu zamani, na kumwongezea katazo lingine juu ya lile asilolitii hakumsogezi karibu na ofisa yeyote. Tuna mazoea hayo. Sheria isiposimamiwa tunaizalia mdogo wake, kisha tunamlea vilevile.

Halafu kuna jirani zetu. Amri inasema "asiye raia", na Mkenya mwenye saluni Sinza si raia, sawasawa na mtu wa Guangzhou. Kenya ililalamika hadharani kwamba katazo hilo linakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu 1 Julai 2010 na yenye haki ya raia wa nchi wanachama kuanzisha shughuli katika nchi nyingine kwa masharti yaliyokubaliwa. Serikali inapokuwa na ahadi Arusha, yaliko makao makuu ya Jumuiya, na amri Dar es Salaam, ofisa wa chini hujikuta hajui asimamie ipi, na asiyejua huwa mpole. Tukumbuke pia kwamba Watanzania wanauza mitumba, mchele na vitenge Lubumbashi, Lusaka na Nairobi. Wenzetu nao wanasoma magazeti.

Na kama ulitaka kuona Serikali ikizungumza kwa sauti mbili wiki moja, mwanzoni mwa Agosti, siku chache baada ya amri, kilizinduliwa Ubungo kile kituo kikubwa cha biashara kilichojengwa kwa mtaji wa Kichina ilipokuwa stendi ya mabasi ya mikoani, chenye maduka zaidi ya 2,000. Hakuna kosa la kisheria katika kukijenga, na mradi ulianza zamani. Lakini mchuuzi wa Kariakoo hakuwa na wajibu wa kutofautisha vizuri hivyo siku ile.

Jina la kuazima

Kila mlango wa mbele unapofungwa, bei ya mlango wa nyuma hupanda, na mlango huo kwetu ni jina la Mtanzania. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ni yake, TIN ni yake, leseni ni yake, mkataba wa fremu kasaini yeye. Pesa, mzigo na maamuzi si vyake. Analipwa kwa mwezi, wakati mwingine chini ya binti anayeuza. Kodi ya mapato ikija kukadiriwa kwa mauzo ambayo hakuwahi kuyashika, deni ni la kwake, na "bosi" ana tiketi ya ndege.

Hapa ndipo hasira yetu inapoanza kutugusa wenyewe, kwa sababu jina la kuazima halisimami peke yake. Kuna mwenye nyumba anayempenda mgeni kwa kuwa analipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo bila kubembeleza, ilhali mzawa anaomba miezi mitatu. Yupo dalali aliyepata chake, na wakala wa forodha aliyeandika jina la mpokeaji mzigo. Na wapo wateja, mimi nikiwemo, tunaokwenda pale penye nafuu ya elfu tano bila kuuliza leseni ni ya nani. Usimamizi wa kweli ungewafikia baadhi ya hawa, na wengi wao wana kura. Nadhani hiyo ni sababu kubwa ya ulegevu kuliko rushwa, ingawa haizungumzwi mikutanoni.

Zana ya kuanzia ipo. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, kampuni zinatakiwa kuwasilisha BRELA taarifa za mmiliki manufaa, yaani mtu wa mwisho anayefaidika au kuiendesha, hata kama jina lake halipo kwenye hisa. Lengo lilikuwa kudhibiti utakatishaji fedha na ukwepaji kodi, ila taarifa hiyohiyo inajibu swali la Kariakoo. Upungufu ni kwamba dirisha hilo liliundwa kwa ajili ya kampuni. Duka lililosajiliwa kwa jina la mtu mmoja ni habari nyingine. Hata kwa kampuni, taarifa ya BRELA inamsaidia nani kama anayetoa leseni jijini hana utaratibu wa kuiangalia?

Msako na meza

Msako una uzuri wake: una magari, una kamera, una idadi ya waliokamatwa ya kutajwa saa mbili usiku. Lakini Kariakoo habari ina mbio kuliko gari. Kabla maofisa hawajavuka Mnazi Mmoja, simu zimeshafika Livingstone na Narung'ombe, mageti yameshushwa, na anayebaki ni kijana asiye na taarifa. Wiki mbili baadaye mageti yapo juu.

Kazi ya mezani haina mvuto huo. Leseni ya biashara ni ya miezi 12. Maana yake kila duka la Kariakoo, la mzawa na la mgeni, linarudi lenyewe mbele ya ofisa mara moja kwa mwaka, bila kukimbizwa. Hapo ndipo yanapoweza kuulizwa maswali ya kawaida kabisa: nani analipa kodi ya pango, akaunti ya duka inasainiwa na nani, mzigo uliingia bandarini kwa jina gani, na kama kuna mgeni anayeshinda hapa, kibali chake kinasema anafanya nini na wapi. Majibu yote yameshaandikwa katika ofisi fulani ya Serikali. Hakuna haja ya kumpiga mtu picha amekaa chini na mikono kichwani.

Leseni yoyote iliyotolewa kabla ya amri haiwezi kuvuka Julai 2026. Kwa hiyo kipimo cha amri hii hakiko mtaani. Kiko kwenye orodha ya leseni za maduka ambayo kabla ya Julai 2025 yalikuwa na majina ya wageni: ni mangapi yamefungwa, na ni mangapi yameendelea mahali palepale, na bidhaa zilezile, kwa jina jipya la Mtanzania. Orodha hiyo jiji linaweza kuitoa kwenye mfumo wake. Mimi ningependa pia kuona kesi ya kwanza ya ile faini ya milioni 5, isiyo ya mgeni bali ya aliyemwazima jina, na kujua kama mwenye nyumba aliitwa kutoa ushahidi kuhusu nani aliyekuwa akimletea kodi.